Mwaka wa Barua za Sajini Kondo

Tulimzika Sajini Kondo Jumanne iliyopita, na mpaka leo sijapoa. Si kwa sababu ya kifo chenyewe. Alikuwa mtu mzima, ameugua, amechoka, na Mungu amempumzisha. Kinachonichoma ni ule wasifu. Tuliporudi kutoka makaburini alisimama bwana mmoja na kipaza sauti, kipaza sauti kinachopiga mluzi kila akikisogelea, akasoma sentensi nne. Marehemu aliokoa wenzake wanne chini ya mvua ya risasi katika vita vya Kagera. Akatunukiwa nishani ya ushujaa. Akastaafu kwa heshima. Akaishi maisha ya utulivu Kariakoo. Basi, akakunja karatasi. Nilikuwa nimekaa mkekani na akina mama, magoti yananiuma, nikajikuta nimesema kwa sauti, “Wawili!” Mama wa pembeni akanisogezea vikombe viwili vya chai.

Wenzake wanne! Maisha ya utulivu! Mimi niliishi ukuta mmoja na mtu yule kwa mwaka mzima, nikampigia chapa barua zake zote tisa, na kama kuna neno ambalo halijawahi kumkaribia Sajini Kondo, basi ni utulivu. Alikuwa msumbufu. Alikuwa mbishi. Alinikosesha raha katika mwaka ambao msichana wa miaka kumi na tisa alipaswa kuwa anawaza viatu. Na kwa kuwa waliobaki wanaoijua habari hii wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, tena wengine wanasahau hata walichokula asubuhi, naona niiandike mwenyewe kabla wenye vipaza sauti hawajaimaliza.

Nilikuwa nimehitimu uhazili, nimepata kazi ya kupiga chapa, na nimepanga chumba kwa Bi Tatu. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, na uani bomba moja, choo kimoja na banda la jiko la wote. Kuta hazikufika juu. Mtu akipiga chafya chumba cha mbele, wa chumba cha nyuma anamwambia afya. Ulijua nani kagombana na nani, nani anaota, na nani anakula nyama peke yake. Leo mahali pale pana ghorofa la fremu, wanauza mikoba na makava ya simu, na ukisimama palipokuwa ua wetu unasukumwa na wenye mikokoteni, “Pisha, mama, pisha!” Nimekwenda mara mbili kutafuta hata alama ya lile bomba. Mara zote mbili nimerudi na mkoba ambao sikuuhitaji.

Chumba kilichopakana na changu kilikuwa cha Sajini. Alikuwa amestaafu jeshini kwa sababu ya paja la kushoto lililoumizwa vitani, miaka michache tu kabla ya hapo, na alichechemea kidogo, ila hakutaka mtu aone. Alijipa mwenyewe cheo cha mkuu wa bomba. Saa kumi na moja alfajiri, kabla maji hayajaanza kutoka, alikuwa ameshazipanga ndoo zetu mstari mmoja ulionyooka, na ole wako uchelewe, unakuta ndoo yako imerudishwa nyuma ya zote. Alikagua choo. Alikagua sufuria. Siku moja alikagua kucha za mpangaji aliyekuwa akichambua mchele, mwanamke mwenye watoto watatu, naye akamrushia ungo. Bi Tatu alikuwa akimwambia, “Sajini, hii nyumba ya kupanga, si kambi,” naye anajibu, “Bi mkubwa, kuhara hakuulizi kama hapa ni kambi.” Tulikuwa tunakula ugali wa ule unga wa njano, ndio uliokuwapo, pamoja na mchicha au dagaa, tumekaa kwenye vigoda uani. Yeye alikula amesimama mlangoni, sahani mkononi, mgongo kwenye ukuta. Akimaliza, anaosha sahani yake na za wengine, tena anaziosha upya hata kama wenyewe wameshaziosha. Sote tulimheshimu kwa ajili ya nishani. Na sote, nasema kweli tupu, tulitamani ahame.

Hiyo nishani yenyewe hakuna aliyeiona. Katibu wa tawi la chama alikuja kila palipokuwa na mkutano viwanja vya Mnazi Mmoja. “Sajini, Jumamosi unakaa mstari wa mbele. Vaa nishani yako, watu waone shujaa.”

“Nishani iko kwa fundi.”

“Nishani inapelekwa kwa fundi?”

“Ina kasoro.”

Nililisikia jibu hilo mara tano au sita, nikaona ni ujeuri tu wa mtu anayependa kubembelezwa. Katibu alikuwa akitoka anatikisa kichwa, na Bi Tatu anamsindikiza kwa maneno ya kumpoza, maana hakuna mwenye nyumba anayetaka kukosana na katibu wa tawi.

Mwezi wangu wa pili pale, Sajini alinigongea mlango. Hakuniita jina langu, Eliwaza, wala siku hiyo wala siku nyingine. “Karani,” akasema, “una mashine?” Nikamwambia mashine ni ya kazini, Mchafukoge, kwenye duka la vitambaa la jumla la Mzee Vithal. “Mzee Vithal anakula saa ngapi?” akauliza. Mpaka leo najiuliza kwa nini nilimjibu. Nikamwambia saa saba, anapanda ghorofani kwa mkewe, anarudi saa nane. Kesho yake saa saba na dakika mbili Sajini alikuwa amesimama mbele ya meza yangu katikati ya majora ya khanga, ameshika karatasi aliyoandika kwa penseli.

Sijawahi kuona barua za namna ile. Kichwa chake: *Yah: Ufafanuzi Kuhusu Tukio*. Halafu kurasa mbili. Mimi niliyetajwa hapo juu naomba kwa heshima na taadhima jambo husika liangaliwe upya kwa kadiri itakavyoonekana inafaa, kwa kuzingatia kwamba huenda kuna taarifa ambazo hazikukamilika ipasavyo. Taarifa gani? Kimya. Zimekosewa na nani? Kimya. Alipeleka barua ya kwanza ofisi ya jeshi, akaambiwa dirisha hili silo, nenda lile. Dirisha lile wakataka nakala tatu. Akaja nikapiga upya. Ya tatu alinirudishia kwa sababu ya mkato. Ya nne kwa sababu neno “huenda” nilikuwa nimeliweka mwisho wa mstari, naye alitaka liwe mwanzo. Ya tano, ya sita. Ofisini walimwuliza kwa adabu, “Mzee, umeshapewa nishani, sasa unaomba nini?” Akarudi kwangu, akaongeza aya nyingine ambayo nayo haikusema kitu. Vidole vyangu vilikuwa vimejaa wino wa karatasi ya nakala, chakula changu cha mchana nilikila nikitembea, na kwenye ukuta nilimsikia jioni akijisomea kwa sauti ya chini, “...kwa kadiri itakavyoonekana inafaa,” anarudia, anasita, anarudia. Nilikuwa nikijifunika mto kichwani.

Barua ya nane ilituumbua. Mzee Vithal aliteremka mapema siku hiyo, Sajini akiwa ameshaondoka, akaikuta nakala kwenye mashine. Akavaa miwani. Akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena. Mimi nilikuwa nimeshashika mkoba wangu niondoke.

“Eliwaza, Kondo nani?”

“Mpangaji mwenzangu, Mzee. Nisamehe sana, sitarudia.”

“Hiyo baadaye.” Akaipiga karatasi kwa kidole. “Nimesoma mara mbili. Sijui huyu mtu anauza au ananunua. Huku dukani, mteja akizunguka hivi, mimi najua jambo moja tu. Kitambaa kaharibu mwenyewe, sasa anataka kurudisha.” Akaniwekea karatasi mezani. “Mwambie aseme mstari wa kwanza. Halafu ukitaka piga, piga. Lakini mlango ukiwa wazi, si kwa kujificha kama panya.”

Nilikwenda na hasira ile mpaka nyumbani. Jumapili alasiri, Bi Tatu akiwa anatwanga kisamvu, nikamkuta Sajini anafua shati lake karibu na bomba. Sikumwamkia hata shikamoo, jambo ambalo mama yangu angenifinya. Nikamwambia sipigi tena. Nikamwambia amenifanya nikaribie kufukuzwa kazi kwa barua zisizo na kichwa wala miguu. “Na Mzee Vithal anasema mtu anayezunguka hivi, kitambaa kaharibu mwenyewe.”

Mkono wake ulibaki ndani ya povu. Bi Tatu aliacha kutwanga. Nilidhani atanifokea, na nilikuwa nimejiandaa nami nifoke. Badala yake akakaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona mtu yule amekaa uani.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Walikuwa kikosi kidogo, wamevuka eneo la wazi, wakapigwa. Wanne walilala pale wamejeruhiwa. Sajini alirudi, akamburuta wa kwanza mpaka nyuma ya kichuguu kikubwa, akarudi akamburuta wa pili, na alipokuwa akimrudia wa tatu akapigwa paja, kisha bega. Kabla hajapoteza fahamu aliinua kichwa akamwona rafiki yake, Zuberi, amewapa mgongo, anakimbia. Walipokuja kuokolewa, wote watano walikutwa nyuma ya kichuguu, Sajini na majeruhi wanne. Zuberi hakuwapo. Hospitalini, akiwa na homa kali, walimwuliza, “Zuberi yuko wapi?” Akajibu neno moja. “Alikimbia.” Likaandikwa. Nishani ikaja kwa kuokoa watu wanne, na Zuberi akawa mtoro.

“Mwaka jana nilikutana na mmoja wa wale wanne, sokoni hapa,” Sajini alisema. “Kanikumbatia, analia. Kanambia, Kondo, mimi na mwenzangu tulitolewa na Zuberi. Alikimbia kukizunguka kichuguu aje kwa upande wa pili, kule risasi zilikuwa chache. Akatutoa sisi wawili. Halafu akakutoa wewe. Akarudi kuchukua chupa ya maji, tulikuwa tunalilia maji. Kombora likaanguka pale pale alipokuwa. Hapakuwa na cha kuzika, na sisi hakuna aliyetuuliza.” Akalikamua shati lake mpaka nikadhani litachanika. “Mimi nilimwona mgongo tu.”

Ningekuwa na akili za leo ningekaa kimya angalau kwa muda wa kuanika shati. Lakini nilikuwa na miaka kumi na tisa na hakika ya kila kitu. “Basi tuandike hivyo hivyo,” nikasema. “Na jamaa zake?”

“Ana mama. Yuko Buguruni.”

“Umekwenda?”

“Nimepita mbele ya nyumba mara tatu.”

“Sajini! Umepita? Mama anatembea na aibu ya mwanawe mtoro, na wewe unapita? Nenda ukamwambie. Ana haki ya kujua.”

Bi Tatu alisema taratibu, “Mwache mwenzio, binti. Hujui atamkuta huyo mama vipi.” Nikamwona Bi Tatu mtu wa kuogopa mambo, mtu wa kumpoza kila mtu. Nikashikilia. Nikasema nitamsindikiza mwenyewe. Barua ya tisa niliipiga kesho yake saa saba mchana, mlango wazi, Mzee Vithal amekaa pale pale na chai yake. Ilikuwa mistari sita, na mstari wa kwanza ulisema: *Mimi ndiye niliyesema Zuberi alikimbia. Hakukimbia.*

Jumapili iliyofuata tulikwenda Buguruni kwa miguu, yeye mbele amenyoosha suruali kama wembe. Mama Zuberi alikuwa amepanga chumba nyuma ya mafundi wa magari, na tulimkuta kizingitini anavunja mkaa. Mwanamke mfupi, mikono minene, uso wa mtu anayecheka upesi. Tukamwamkia. “Marahaba, wanangu, karibuni.” Sajini akasimama wima kabisa, akasema, “Mama, mimi nilikuwa vitani na Zuberi.”

Mama yule aliachia mkaa, akainuka, akamshika Sajini mikono yote miwili kwa vidole vyake vyeusi. “Umemwona? Yuko wapi? Amekutuma?”

Hapo ndipo nilipoelewa, na nilikuwa nimechelewa. Natamani ningemvuta Sajini shati. Lakini yeye alikuwa ameshaanza, na mtu yule akianza kutekeleza jambo haachi katikati. Alisema yote, kichuguu, wanne, chupa ya maji. Alisema, “Na mimi ndiye niliyesema alikimbia.” Mama alisikiliza bila kumwachia mikono. Halafu akamwachia.

“Walipokuja kuniambia mwanangu katoroka,” akasema, “majirani walinicheka. Kuna waliotema mate. Mimi nilifunga mlango huu, nikacheka. Nilicheka, baba. Nikasema, ana akili mwanangu, kakimbia, yu hai. Atakaa huko aliko, mambo yakipoa atarudi. Mlango huu siufungi kwa komeo. Miaka yote hii mimi ni mama wa mtu aliye hai. Leo umeniletea nini?”

“Ukweli, mama.”

“Nani kakuagiza uniletee?”

Sajini Kondo alikuwa na jibu la swali lile, limesimama hatua mbili nyuma yake, limevaa gauni la Jumapili. Hakugeuka. “Nimejituma mwenyewe,” akasema. Nami nikatazama chini, nikanyamaza.

“Tokeni,” akasema Mama Zuberi.

Wiki mbili zile nyumba nzima ilipata utulivu anaousema yule bwana wa kipaza sauti, nao ulikuwa utulivu mbaya. Ndoo zilipangwa hovyo. Watu waligombana bombani, wakamtazama Sajini awaamue, naye akapita. Nilitamani anikagulie sufuria. Ofisi ikajibu barua ya tisa kwa mistari miwili, kwamba imepokelewa na inashughulikiwa. Kama bado inashughulikiwa sijui. Imefika zaidi ya miaka arobaini, na wasifu wa Jumanne unaonyesha jibu halijatoka.

Kisha asubuhi moja Mama Zuberi aliingia uani kwetu bila kupiga hodi, akavuta kigoda, akamwambia Sajini, “Kaa. Nieleze tena. Usiruke.” Akamwuliza maswali ambayo hakuna ofisi ingewaza kuyauliza. Alikuwa amevaa viatu? Alikuwa akikohoa, maana alikuwa na kifua? Siku ile alikula nini?

“Muhogo wa kuchoma. Tuligawana.”

“Alikupa nusu kubwa au ndogo?”

Sajini akafikiri. “Kubwa.”

“Ndiye yeye,” akasema, na hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu, Bi Tatu akamshika mabega. Alipomaliza akajifuta kwa upande wa khanga. “Nitamsomea hitima mwanangu. Utakuja. Utasimama mbele ya wajomba zake na majirani wote waliocheka, useme kama ulivyosema hapa. Na lile neno lako useme.”

“Nitalisema.”

“Sijakusamehe.”

“Ndiyo, mama.”

“Paa langu linavuja. Utakuja na kulitazama.”

Alilitazama kila Jumapili mpaka mama yule alipofariki, miaka mingi baadaye, na kila Jumapili alirudi ametukanwa. Misumari hukuiweka sawa. Umekanyaga mboga zangu. Unakula umesimama kama punda. Nilipokuja kuhamia kwangu na kuolewa, nikikutana naye mtaani alinisimulia matusi mapya kwa sura ya malalamiko, na ningeapa alikuwa amenenepa. Kama hilo ni kusamehewa sijui. Hakuna kati yao aliyeniambia, na mimi nilikuwa nimejifunza, kwa gharama ya mtu mwingine, kuacha kuuliza.

Hitima ilisomwa Buguruni, siku ya Ijumaa, mikeka imetandikwa mpaka kwenye uwanja wa mafundi, nao wakasogeza magari yao mabovu. Mchele Bi Tatu aliupata anakokujua yeye. Wanaume walikaa mbele, sisi wanawake nyuma kwenye majiko. Dua ilipokwisha Sajini alisimama. Hakuchukua dakika tano. Alipofika kwenye lile neno alilisema kwa sauti ileile aliyokuwa akiitia bombani, ili wa mwisho asikie: “Nikasema, alikimbia. Nilisema uongo bila kujua, na Zuberi amelala nao mpaka leo.” Mjomba mmoja aliinuka, akavaa kandambili zake, akaondoka. Wengine waliinama. Mwanamke mmoja wa jirani, aliyekuwa kando yangu anapepea moto, aliendelea kupepea jiko ambalo moto wake ulikuwa umeshakolea.

Mimi nilishindwa kuvumilia. Nikamfuata Mama Zuberi kwenye sufuria kubwa la pilau, amekunja mikono ya gauni, jasho linamtoka. Nikamwambia, “Mama, naomba radhi.”

“Ya nini? Wewe si ulikuwa unapiga chapa tu?”

“Hapana, mama. Siku ile uliuliza nani kamwagiza. Ni mimi. Yeye alikuwa akiogopa kuja. Mimi ndiye niliyemlazimisha.”

Alinitazama, mvuke wa pilau ukipanda kati yetu. Nilikuwa tayari kwa kibao. Nilikuwa tayari hata kwa kukumbatiwa, nikiwa mjinga kiasi hicho. Mama Zuberi alinyoosha mkono, akanipa upawa.

“Basi pakua,” akasema. “Watu wana njaa.”

Nikapakua. Wanaume kwanza, halafu mafundi, halafu majirani waliocheka, mpaka mikono ikafa ganzi na sufuria likaonyesha kitako.